Nichagulie Wewe Tu, Madam

Binti mmoja mwanachuo alikuja ofisini kwangu wiki ya usajili, saa ambayo korido ya idara haina pa kukanyaga. Akaamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti, akaweka fomu mezani. Sehemu ya kozi za hiari ilikuwa tupu.

"Umechagua zipi?"

"Nichagulie wewe tu, madam."

Nikamuuliza anapenda nini. Akatabasamu, akaangalia chini. "Zozote utakazoona zinanifaa."

Mlangoni wenzake walikuwa wanachungulia. Nikamrudishia fomu, nikamwambia akakae kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kujisomea nje, asome maelezo ya kozi, afikirie, halafu aje jioni. Jioni akaja kweli, fomu imejaa. Nikamuuliza kwa nini kachagua hizo.

"Kanichagulia CR wetu."

Nikasaini.

Jibu hilo, kwamba kachaguliwa na CR, yaani mwakilishi wa darasa, limenikaa kichwani wiki kadhaa. Lingekuwa la kucheka na kusahau, ila mimi ndiye ninayefundisha kozi ya uongozi pale chuoni. Asubuhi nasimama ukumbini, nawachorea vijana miraba minne ya Hersey na Blanchard ubaoni. Mchana narudi ofisini kusaini fomu kama mlinzi anayepokea vitambulisho getini. Je, yale ya asubuhi yana lolote la kuyaambia haya ya mchana?

## Uamuzi ulipo, na fomu ilipo

Ofisini mimi ni mshauri wao wa kitaaluma, na sina haja ya kuwaeleza huyo ni nani. Mliopita vyuo vyetu mnamkumbuka: jina lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo mwaka wa kwanza, mkalitafuta siku mlipohitaji sahihi.

Ushauri wa aina hii ulikulia kwenye mazingira mengine. Marekani ulikua pamoja na mfumo wa kozi za hiari, ambao Charles Eliot aliupigania alipokuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869. Mwanafunzi aliyeachiwa achague karibu kila anachosoma alihitaji mtu wa kumwonyesha njia, asije akamaliza na rundo la kozi zisizoelekea popote.

Kwetu shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na sehemu kubwa imepangwa kabla mwanachuo hajafungua begi lake hosteli. Kinachobaki ni kozi moja mbili. Kama ushauri maana yake ni kuchagua kozi, basi washauri wa vyuo vyetu tungeweza kurudi nyumbani mapema.

Maamuzi mazito yapo, ila hayamo kwenye fomu. Aahirishe mwaka au avumilie? Ahame programu ambayo baba yake ndiye aliyeitaka? Akae asomee sapu, ile mitihani ya marudio, au aende kazini? Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, akafanyie kwao Kigoma anakolala bure, au Dar ambako kampuni zipo lakini chumba ni cha kulipia?

Hayo hakuna anayeyaleta mezani akisema "nichagulie wewe". Mara nyingi hayaletwi kabisa.

Mwaka 1972 Burns Crookston aliandika makala ambayo watu wa fani hii bado wanairudia. Alitenganisha washauri wa aina mbili: anayeandika dawa kama daktari na kumtaka mgonjwa ameze, na anayekaa na mwanafunzi wakajenga uamuzi pamoja, kila mmoja na wajibu wake. Fomu ile nilipoirudisha nilijiona niko upande wa pili. Ila Crookston alizungumzia kukaa *pamoja*. Kumtuma mtu kwenye vimbweta akafikirie peke yake ni jambo la tatu, na sina hakika kama nadharia yoyote ilishawahi kulisifia.

## Miraba minne

Paul Hersey na Ken Blanchard walitoa wazo lao mwaka 1969. Mwanzoni walilifananisha na malezi: mzazi humwamulia mtoto mdogo kila kitu, kisha kadiri anavyokua anamwachia kamba kidogo kidogo. Kiongozi naye asiwe na mtindo mmoja bali minne, kila mmoja na mraba wake. Asiyejua aelekezwe hatua kwa hatua. Aliyeanza kujua aelekezwe na kuelezwa sababu. Anayejua lakini anasitasita ashirikishwe. Anayejua na kujiamini akabidhiwe kazi, aachwe.

Wanachuo wanalipenda somo hili kwa sababu linachoreka. Mitihani inalipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nilipolichukua kuliingiza ofisini, kitu cha kwanza kilichonikwaza ni mazoea yetu ya kuwaweka watu kwenye miraba badala ya kuweka mambo. Tunasema "yule binti ni mzito", "yule kijana anajitegemea". Nadharia haisemi hivyo. Inasema utayari unapimwa kwa kazi fulani, kwa wakati fulani. Binti wa fomu tupu, nilikuja kujua, ndiye mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba hosteli kwao. Anakusanya, anakopesha, anadai, na wakubwa wake kwa umri wanamwogopa. Ukimwelekeza namna ya kutunza pesa utakuwa unamtukana. Kwenye kozi za hiari ni mgeni kabisa, na mgeni huelekezwa.

Kwa hesabu hiyo, kumwachia fomu kulikuwa kumkabidhi mtu ambaye mraba wake bado ni ule wa kwanza.

Miaka ya themanini Blanchard aliirekebisha nadharia, na marekebisho hayo yanasema zaidi kuhusu vyuo vyetu kuliko toleo la kwanza. Anayeanza, alisema, hajui lakini ana moto. Baadaye kidogo anajua kiasi, na moto umezimika.

Hebu tazameni kalenda ya chuo kwa jicho hilo. Wiki ya kupokea wageni tunawamiminia mwaka wa kwanza kila kitu: hotuba ya mkuu wa chuo, ya mshauri wa wanafunzi, ya maktaba, ya polisi, ya afya. Watu wenye moto tunawaongezea kuni. Halafu semesta ya kwanza inaisha. Kijana aliyekuwa wa kwanza shule nzima, ambaye kijijini walimchangia nauli, anafungua matokeo na kukuta GPA, wastani wa alama zake, ni 2.1, na sapu mbili. Wiki hiyo haina hotuba wala ratiba. Chuo kimefungwa. Anarudi nyumbani na siri, na anaporudi chuoni ameshaanza kukaa viti vya nyuma.

Kama ningepewa wiki moja tu kwa mwaka ya kufanya ushauri, ningeiacha ile ya kupokea wageni na kuchukua hiyo ya matokeo.

Niseme pia kwamba nadharia hii haina msingi mgumu kama tunavyoifundisha. Robert Vecchio aliipima mwaka 1987 kwa walimu wa sekondari huko Marekani, na ushahidi ulijitokeza vizuri zaidi kwa walioajiriwa karibuni, wale waliohitaji kuelekezwa. Kwa wazoefu picha ilififia. Wengine wangeitupa kwa sababu hiyo. Mimi nimeipunguzia cheo. Inanitosha ikiniambia kwamba mgeni haachwi peke yake.

## Unaonaje?

Basi nikajaribu. Semesta hiyo hiyo, kwa wengine waliokuja na fomu, nikaacha kuwatuma vimbwetani. Nikakaa nao. Nikaeleza kozi moja moja, kisha nikauliza: "Unaonaje?"

"Sawa madam."

"Sawa ipi?"

"Kama ulivyosema."

Mtindo wa kushirikisha unadhani kuna watu wawili wanaoweza kukataliana. Mwanachuo wetu ameingia, ameinama kidogo, ametoa shikamoo na kuitikiwa marahaba. Kwa adabu aliyolelewa nayo, mkubwa akishaeleza jambo kwa upole kwa dakika kumi, huwa ameshaamua. "Unaonaje" inayofuata ni ya kufungia mazungumzo, na kuipinga ni utovu wa nidhamu.

Robert House, mtafiti wa uongozi ambaye nitamrudia, aliongoza utafiti mkubwa ulioitwa GLOBE, uliochapishwa 2004 na kuhusisha jamii 62. Ulitaka kujua uongozi unaosifiwa sehemu moja unasifiwa pia kwingine, na moja ya mambo yaliyopimwa ni umbali wa madaraka kati ya mkubwa na mdogo. Kusini mwa Sahara waliingia Nigeria, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Lakini mtu hahitaji GLOBE kujua kwamba ofisi ya mhadhiri wa Kitanzania haina meza ya mviringo.

Nilichelea kwamba jibu lingekuwa kuiondoa heshima: niitwe kwa jina, nikae nao kwenye nyasi. Nimeona wenzangu waliorudi kutoka masomoni ng'ambo wakijaribu. Wanachuo wanacheka nao sana na hawawaambii lolote. Heshima haiwafungi midomo peke yake. Ndiyo pia inayomfanya kijana asafiri kutoka hosteli kuja kwako akiamini utamsaidia. Ukiivunja umevunja na hiyo.

Kinachofanya kazi, kwa uzoefu wangu mdogo, ni kuuliza kwa mlango wa pembeni. "Rafiki yako akitaka kuchukua kozi hii, utamwonya nini?" Hapo ulimi unafunguka. Au kumtaka alete njia mbili, kila moja na ubaya wake. Kutaja ubaya wa kitu ulichoagizwa kutaja si kumpinga mkubwa, ni kutii.

## CR alijua nini

Baadaye nikamwita yule CR. Alikuja ameshavaa uso wa anayeitwa kusemwa.

Nikamuuliza alimchaguliaje mwenzake. Akanieleza bila hata kufikiri. Kwanza alimuuliza jioni anakwenda wapi. Binti anamsaidia shangazi yake dukani Mbagala kuanzia saa kumi na moja, na huko ndiko inakotoka hela ya kula bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiisha. Asipotoka chuo saa tisa, foleni inammaliza. Kwa hiyo CR akaondoa kozi zote za alasiri. Akaondoa na ile yenye kazi nyingi za vikundi, kwa sababu vikundi hukutana usiku. Zikabaki tatu. Akamwonyesha mitihani iliyopita ya hizo tatu, wakajadiliana, wakabishana, binti akakataa moja kwa sababu ina hesabu nyingi. Zikabaki mbili.

Wakabishana. Nililiona neno hilo likipita kana kwamba si kitu.

Yaani binti hakukwepa kuchagua. Alikwenda mahali ambapo angeweza kukataa.

Mimi nilimuuliza anapenda nini. CR alimuuliza jioni anakwenda wapi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye kozi yangu ya uongozi hajaifikia bado, alikuwa anafanya kile House alichokieleza mwaka 1971.

## Njia

Hoja ya House ni nyepesi kuitamka. Watu hujituma wanapoona lengo lina thamani kwao na njia ya kulifikia inapitika. Kazi ya kiongozi ni kutazama njia: kuna giza gani limulikwe, kuna gogo gani liondolewe. Baadaye yeye na Terence Mitchell walitaja namna nne za kufanya hivyo: kuelekeza, kuwa karibu na mtu, kumshirikisha, na kumwekea lengo la juu. Kiongozi achague ile inayojaza pengo. Pasipo na pengo, maelekezo yanageuka kero.

Kati ya nadharia zote ninazofundisha, hii ndiyo inayochosha darasa. Haina picha nzuri, haina shujaa. Darasa linachangamka tukifika uongozi wa mageuzi, ule wa James MacGregor Burns wa 1978 na Bernard Bass baada yake, wa kiongozi mwenye maono anayewainua watu juu ya nafsi zao. Hapo kila mtu ana mfano wa mtu anayempenda.

Na nadhani huko ndiko ushauri wetu ulikokwama. Sisi ni mabingwa wa kuinua. Mwanachuo akianguka tunampa hotuba: jitambue, weka malengo, kumbuka umetoka wapi, wazazi wako wanauza ng'ombe. Maneno mazuri, na mara nyingine ya kweli. Yanadhani tatizo limo kifuani mwake.

Kuna kijana mmoja wa mwaka wa pili aliyeletwa kwangu akiwa karibu kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Vipindi vya asubuhi alikuwa haji darasani, na akija anasinzia. Kabla ya kufika kwangu alishapitishwa kwa watu wawili na wote walimpa mawaidha juu ya kupanga muda. Aliweza kunirudishia mawaidha hayo neno kwa neno.

Nikamuuliza la CR: usiku unakwenda wapi?

Alikuwa anaendesha bodaboda hadi saa nane usiku, na kila siku lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Mkopo alipangiwa, lakini pesa ya kujikimu haikuwa inamfikia. Cheti chake cha kidato cha nne kimeandikwa Mohamedi. Kitambulisho cha taifa kimeandikwa Muhammad. Akaunti ya benki ilifuata kitambulisho, orodha ya malipo ilifuata cheti. Alishaambiwa na ofisi moja aende ofisi nyingine, na ile nyingine ikamwambia arudi ya kwanza. Mwisho akaona pikipiki ni rahisi.

Njia yake haikuhitaji maono. Ilihitaji kiapo cha majina kutoka kwa wakili, nakala zilizothibitishwa, na mtu mmoja wa kwenda naye dirishani ili asirudishwe tena. Nikaenda naye. Dirishani nilitumia "Dokta" yangu bila haya yoyote. Pesa ikaingia, pamoja na iliyokuwa imelala.

Hakugeuka kuwa mwanafunzi bora. Alipata sapu moja semesta iliyofuata, akaifaulu kwa shida, na bado anasinzia kwa baadhi ya wenzangu, jambo ambalo sitalilaumu moja kwa moja. Ila hakudisko.

## Aliyeniuliza kama mimi ni mama yao

Mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu kazini, nilimsimulia haya wakati wa chai. Akaweka kikombe.

"Unawalea, dada. Hao ni watu wazima. Sisi nani alitushika mkono kwenda dirishani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sehemu ya swali lake bado inanisumbua. Kiapo kile kijana angeweza kukitafuta mwenyewe. Kila gogo ninaloliondoa ni gogo ambalo hakujifunza kuliondoa. Na kuna mwanachuo mwenye GPA ya 4.5 ambaye nikimwita kumwelekeza atanitazama kwa huruma. House mwenyewe angesema nimwache.

Lakini "sisi nani alitushika mkono" ni swali linaloulizwa na waliofika. Waliokwama njiani hawapo kwenye chai ile kulijibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo jingine ninalolipitia haraka kila mwaka. Mwaka 1975 watafiti Dansereau, Graen na Haga walionyesha kwamba kiongozi hana uhusiano mmoja na watu wake wote. Mapema sana, bila mtu kukusudia, wachache wanaingia ndani: wanapewa muda, taarifa na imani. Wengine wanabaki na uhusiano wa karatasi.

Niliitazama orodha ya wanachuo niliopangiwa, nikaweka alama kwa niliozungumza nao zaidi ya kusaini. Walikuwa wachache, na walifanana. Waliosoma shule za kulipia. Watoto wa watumishi wa serikali. Wenye Kiingereza kisichokwama. Wanaojua kubisha hodi na kusema "samahani madam, naomba dakika tano" kwa sababu nyumbani kwao wamewaona watu wakifanya hivyo. Kijana wa bodaboda hakubisha hodi. Aliletwa.

Ushauri unaosubiri mlango ubishwe unawahudumia waliokwisha kushauriwa.

Graen na Mary Uhl-Bien waliandika mwaka 1995 kwamba dawa si kuwafukuza walio ndani. Kiongozi awape wote nafasi ya kuingia, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa mhadhiri mwenye madarasa ya mamia hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulitenda, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu. Wiki ya matokeo ya semesta ya kwanza nitawaita wenye sapu mimi mwenyewe, kupitia kwa CR, kabla hawajapanda mabasi. Swali la kwanza litakuwa lile lile la njia. Hotuba nimeziweka akiba. Na ma-CR nimeshakutana nao, si kuwafundisha bali kuwauliza wanafanyaje.

Wana mengi. Mmoja aliniambia huwa anaangalia nani ameacha kuuliza maswali kwenye grupu la darasa.

Nilimwandikia mkuu wa idara kuomba nipate orodha ya wenye sapu mapema, na saa chache zitengwe kwa kazi hii. Orodha amekubali. Kuhusu saa, ameniuliza ziandikwe kwenye safu ipi ya fomu ya mzigo wa kazi, maana kuna ya kufundisha, ya utafiti na ya kusimamia tasnifu. Ya ushauri hakuna. Kwa sasa nimeziandika kwenye "Mengineyo", na kamati inakaa mwezi ujao.